UZI: Reli nyembamba ya mgodini, skeli 1:48. Nimebomoa mlima wangu, naanza upya

#1 Toroli48 (mwenye uzi)

Wakuu, habari zenu. Muda mrefu nimekuwa msomaji tu humu, nachungulia nyuzi za watu na kuondoka kimya kimya. Leo naweka wangu, na naanza na aibu kabisa: Jumamosi iliyopita nilishika nyundo nikabomoa mlima niliokuwa nikiujenga kwa miezi mitano.

Kwa ufupi, najenga reli ya mfano ya milimani, ile nyembamba ya kushusha mawe ya madini, mtindo wa milima ya San Juan kule Colorado, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. Skeli ni 1:48 (kila kitu kimepunguzwa mara 48), njia ina upana wa mm 16.5, yaani ile inayoitwa On30. Meza ina umbo la L: mkono mmoja mita 3.6, mwingine mita 2.4, kina sm 60 kote.

Nilifanya kama wengi wanavyofanya. Nikalaza reli kwanza, duara safi, halafu nikapandisha mlima juu yake na kutoboa handaki. Mlima ulisimama sm 70 kutoka mezani. Nikauona mrefu mno, nikaupaka rangi, nikauwekea theluji kileleni, nikapiga picha.

Kisha nikaweka mtu wa mfano pembeni ya reli. Mtu wa 1:48 ana kimo cha milimita 36 hivi. Nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga siku ya kwanza: sm 70 mara 48 ni mita 33.6. Ghorofa kumi au kumi na moja hivi, basi! Theluji kwenye kilele cha ghorofa kumi na moja. Haukuwa mlima ule, kilikuwa kichuguu kilichotobolewa tundu, na treni ikikizunguka kama kuku aliyefungwa kamba mguuni.

Mlima unaosimama mita 1,000 tu juu ya bonde lake, ukiupunguza kwa 1:48, unataka karibu mita 21. Chumba cha namna hiyo hakuna. Kwa hiyo safari hii sijengi mlima. Najenga kipande cha ubavu wa mlima, na kilele hakitakuwepo. Jabali litapanda hadi lijifiche juu, pale taa zinapofungwa, na jicho la mtazamaji limalizie lenyewe.

Michoro ninayo, vifaa ninavyo, mke ameshakubali vumbi. Nipigeni maswali, na mwenye kukosoa akosoe.

#2 Kifusi

Siti ya mbele, naweka kambi hapa.

Swali la mgeni wa mambo haya: mm 16.5 si ndiyo njia ileile ya HO, ambayo ni ya treni kubwa za kawaida? Inakuwaje kwako iitwe nyembamba?

#3 BiKarakana

Kifusi, reli ni ileile, ila vilivyo juu yake vimekua. Kwenye HO kila kitu kimepunguzwa mara 87, kwa hiyo mm 16.5 zinasimama badala ya geji sanifu (upana kati ya reli mbili) ya mm 1,435. Ukiweka juu ya njia hiyohiyo behewa lililopunguzwa mara 48 tu, hesabu inageuka: 16.5 mara 48 ni mm 792. Hiyo iko karibu sana na geji ya inchi 30, yaani mm 762. Tofauti ya milimita 30 kwenye kitu halisi hakuna jicho litakaloikamata.

Wenye msimamo mkali watakwambia reli za Colorado zilikuwa za futi 3, mm 914, kwa hiyo ujenge On3 yenye njia ya mm 19. Au ushuke hadi HOn3, 1:87 yenye njia ya mm 10.5. Wako sahihi kwa rula. Lakini On30 inakuruhusu kutumia mota na magurudumu ya HO chini ya behewa unalolijenga mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyowaingiza wengi wetu kwenye mchezo huu.

Mwenye uzi, angalizo moja: usitumie reli ya HO ya kawaida mahali panapoonekana. Taruma (mbao inayolala chini ya reli) la HO lina urefu wa mm 30 hivi, ambazo kwa 1:48 ni mita 1.44. Mataruma ya reli nyembamba za futi 3 yalikaribia futi 7, zaidi ya mita 2. Isitoshe ya HO yamebanana mno. Ukipiga picha karibu, treni inaonekana imepanda ngazi ya kuku.

#4 Toroli48

Dada umeniwahi. Sehemu za mbele nitachonga mataruma mwenyewe, ya mm 44, mengine yamepinda kidogo, mengine yamepasuka. Ndani ya handaki na nyuma ya jabali nitatumia ya dukani, kule anaona panya tu.

#5 MzeeWaMvuke

Kijana, nimesoma. Nakupongeza kwa kubomoa, ila sikubaliani na ulikoelekea. Umesema kosa lako lilikuwa kulaza reli kwanza. Hapana. Kosa lako lilikuwa duara. Reli ikikosewa, mlima mzuri namna gani hautaisaidia. Treni itaanguka mbele ya mandhari ya kupendeza, basi.

Kumbuka kwa nini reli hizi zilikuwepo. Kule Wales, reli ya Ffestiniog ilifunguliwa mwaka 1836 ikiwa na geji ya mm 597, kushusha mawe ya kuezekea kutoka milimani hadi bandarini Porthmadog. Haikuwa na injini. Mabehewa yaliyojaa yalishuka yenyewe kwa uzito wake, watu wa breki wamepanda juu, na farasi waliopaswa kuyavuta tupu kurudi juu nao walisafirishwa kushuka ndani ya behewa lao, wamesimama kama mabwana. Injini za mvuke ziliingia mwaka 1863. Reli hiyo ilikuwa miongoni mwa vilivyomshawishi William Jackson Palmer alipoanzisha kampuni ya reli ya Denver & Rio Grande mwaka 1870 na kuchagua futi 3.

Sababu ni moja: njia nyembamba inakunja kona kali. Ukiweza kukunja kona kali, jabali hulikati, unalizunguka. Ukilizunguka, huhitaji baruti nyingi wala handaki refu. Handaki lilikuwa la mwisho kwenye orodha ya mhandisi, si la kwanza. Wewe ulianza na handaki.

#6 Toroli48

Shikamoo mzee. Hapo kwenye handaki umenipiga pabaya, na ni kweli.

Lakini sikia hoja yako mwenyewe: reli ilipita pale mlima uliporuhusu. Mhandisi alikuta mlima upo, hakuukuta ukumbini akaupanga. Sasa mimi nikilaza reli mahali ninapopenda halafu nikaumba jabali la kuifuata, kila kona itakuwa haina sababu. Mtazamaji hawezi kueleza kasoro ni nini, ila anaiona.

#7 MzeeWaMvuke

Marahaba. Basi nipe mwinuko wako na kona yako, tuone kama mlima wako unajua hesabu.

#8 Toroli48

Mwinuko asilimia 4, kona nusu kipenyo sm 50. Nimeichukua asilimia 4 kwa sababu ndiyo iliyopo Cumbres Pass, reli inapovuka milima ya Colorado, upande wa kupanda kutoka Chama. Kama injini za kweli ziliiweza, na yangu iiweze.

#9 BiKarakana

Injini za kweli ziliiweza kwa kuunganishwa mbili mbele, na treni nzito mara nyingine ikakatwa vipande.

Halafu umesahau kona. Kona inavuta. Kuna kanuni ya zamani ya wajenzi wa mifano: chukua 32, gawanya kwa nusu kipenyo kwa inchi, jibu liongeze kwenye asilimia ya mwinuko. Sm 50 ni inchi 20 hivi, kwa hiyo 32 gawanya kwa 20 ni 1.6. Kwenye kona, injini yako inahisi asilimia 5.6, si 4. Jaribu kwa ubao kabla hujafunga skrubu hata moja.

Na kama bado unataka reli ipite juu ya reli nyingine, jua kwamba 1:48 inataka nafasi ya sm 13 hivi ukijumlisha unene wa daraja. Kwa asilimia 4 hiyo ni mita 3.25 za kupanda tu. Duara zima la sm 50 lina mzingo wa mita 3.14. Haitoshi hata mzunguko mmoja!

#10 Toroli48

Ndiyo maana nimeachana na mzunguko kabisa. Nimechagua zigizaga: treni inapanda, inaingia kwenye mkia (kipande cha reli kisichoendelea), pointi (reli ya kubadilisha njia) inageuzwa, inapanda tena kinyumenyume, mkia wa pili, inaendelea. Inakula urefu mdogo na inapendeza kwa sababu treni inalazimika kufanya kazi. Kila mkia una sm 75: injini moja na mabehewa matatu ya mawe, basi. Hilo ndilo treni langu refu kuliko yote.

Injini ni aina ya Shay. Kwa wasioijua: hataza yake ni ya mwaka 1881, silinda zimesimama wima upande wa kulia, na shafti yenye giya inapeleka nguvu kwenye magurudumu yote. Haina mbio hata kidogo. Ila ikishika mteremko haiachii.

#11 Kifusi

Samahani kuingilia wataalamu, lakini nyie mnabishana kipi kitangulie, reli au mlima. Kwani huwezi kuujenga mlima wa uongo kwanza? Makadibodi na gundi ya karatasi, siku moja tu. Uone reli inataka kupita wapi. Ikikataa, unabomoa bila kulia.

#12 MzeeWaMvuke

Huyu mgeni si mgeni.

#13 Toroli48

Wakuu, nimefanya alichosema Kifusi na nimekaa na makadibodi wiki mbili. Siku ya tatu nikagundua korongo nililolichora katikati linapendeza zaidi likihamia kushoto, pale meza inapokunja. Siku ya nane nikagundua kinu cha kusagia mawe ya madini nimekiweka upande usio na mantiki. Yote hayo kwa mkasi tu.

La kinu nilieleze, maana ndipo penye utamu wa reli za migodini. Maduka yanauza jengo la mgodi kama kitu kimoja unachokichomeka popote. Kumbe ni mnyororo, na unashuka. Juu kabisa kuna mdomo wa mgodi, toroli zinatoka zikisukumwa na watu. Mawe yasiyo na kitu yanamwagwa pale pale nje, ndiyo yale magwangala. Yenye madini yanashushwa, kwa toroli au kwa ndoo za waya wa angani, ambapo ndoo zilizojaa zikishuka huvuta tupu kupanda. Yanaingia kwenye kinu kwa juu. Kinu kimejengwa kwa ngazi kwenye ubavu wa mlima makusudi, ili kila hatua ya uchenjuaji idondokee hatua inayofuata: kuvunja, kusaga, kutenganisha kwenye meza zinazotikisika. Chini kabisa yanatoka madini yaliyochujwa, na hapo ndipo behewa linangoja.

Kwa hiyo reli ni mwisho wa mnyororo. Mimi nilikuwa nimeiweka juu ya kinu. Nilikuwa nalazimisha mawe kupanda!

Mwenye kutaka mfano uliosimama hadi leo, atazame kinu cha Mayflower pale Silverton, Colorado. Kilijengwa mwaka 1929, kikafanya kazi hadi 1991, na ngazi zake mlimani zinaonekana wazi kwenye picha.

#14 Mgeni_Njiani

Nimesoma uzi wote kwa mkupuo. Nina swali la umbali: reli ya kweli kutoka Durango hadi Silverton ni kilomita 72. Utaibana vipi kwenye mita sita?

#15 Toroli48

Siibani. Kilomita 72 kwa 1:48 ni kilomita moja na nusu, ningehitaji uwanja wa ndege. Kosa la wengi ni kutaka kuonyesha kila kitu: mji, mto, mgodi, daraja, stesheni mbili, kila kimoja kwenye sm 40. Nimechagua mahali pamoja tu, kutoka kinu hadi mdomo wa korongo. Mita 6 ukizizidisha mara 48 ni mita 288. Huo ni umbali wa kutembea dakika chache, na ndani yake naweza kusema ukweli.

#16 MzeeWaMvuke

Kama unapenda zigizaga, basi na hii uijue. Otto Mears, mjenzi wa reli za kule, alipojenga reli ya Silverton kuelekea Red Mountain, kwenye korongo la Corkscrew alikosa nafasi ya kukunja kona kabisa. Akaweka meza ya kugeuzia injini katikati ya njia kuu. Njia kuu! Injini inakatwa, inageuzwa, inaendelea upande mwingine. Na theluji ya kule ikamlazimu aijengee banda juu yake. Mtu akiijenga hiyo kwenye mfano wake, wageni watasema kaibuni. Wakati mwingine ukweli ndio unaoonekana wa uongo.

#17 Kifusi

Na Georgetown je? Naona watu wanaitaja sana.

#18 MzeeWaMvuke

Georgetown na Silver Plume, miji ya Colorado, zimepishana kilomita 3.2 hivi kwa mstari ulionyooka, lakini moja iko mita 195 juu ya nyingine. Ukinyoosha reli unapata zaidi ya asilimia 6. Wakairefusha njia hadi kilomita 7 hivi, ikajikunja ikapita juu ya yenyewe kwa daraja refu, mwaka 1884. Daraja likabomolewa mwaka 1939, likajengwa upya mwaka 1984. Hiyo ni ya mwenye ukumbi. Kwenye mita sita ni uchokozi.

#19 Toroli48

Taarifa mbaya wakuu.

Nimefunga njia ya plaiwudi, nikaweka reli ya majaribio bila mandhari yoyote. Shay imepanda na mabehewa matatu bila kuteleza, nikashangilia peke yangu. Kwenye mkia wa pili, kiungio cha behewa la mwisho kikawa kimelegea, nikayakata mabehewa yote matatu na kuiondoa Shay relini ili nikikaze. Nikageuka kuchukua bisibisi.

Mkia wangu nilikuwa nimeuacha na mteremko uleule wa asilimia 4. Nilisikia tu *krrrrr*. Mabehewa yakapita pointi, yakapita mahali ambapo korongo litakuwa (kwa sasa ni shimo tupu), na kutoka hapo hadi sakafuni ni sm 125. Moja limevunjika bogi (fremu ya magurudumu), moja limepoteza kona nzima, la tatu halina hata mchubuko, limekaa wima sakafuni kama linangoja abiria.

#20 BiKarakana

Pole sana kaka. Mkia wa zigizaga unatakiwa kuwa bapa, au ushuke kidogo sana kuelekea kwenye kizuizi, ili behewa likiachwa likimbilie ukutani na si bondeni. Na pale bapa panapokutana na mwinuko usipakunje ghafla. Toa sm 15 hadi 20 za kubadilika taratibu, la sivyo viungio vitainuka na kuachana vyenyewe.

Kitu kingine: mpaka daraja limalizike, weka ubao wima kwenye lile shimo.

#21 Toroli48

Ubao umewekwa saa hiyohiyo, nikiwa bado natetemeka.

#22 Toroli48

Mwezi umepita, sasa ni zamu ya jabali.

Mifupa ni vipande vya kadibodi vilivyosukwa kama jamvi na kushikwa kwa gundi ya moto, juu yake matambaa ya plasta. Sehemu nene nimejaza povu gumu lile la kufungia vyombo, maana plasta tupu ingeua meza kwa uzito. Hapo sina mengi, kila mtu ana njia yake.

Miamba yenyewe ni plasta iliyomiminwa kwenye foili ya alumini iliyokunjwakunjwa, halafu inabandikwa mlimani ikiwa bado mbichi. Ujanja ni wakati. Plasta ikifikia hali ya sabuni ya kufulia, ndipo uichonge kwa kisu butu na mswaki mkuukuu. Ukichelewa inapasuka, ukiwahi inakuwa uji.

Na jambo moja lililonichukua majaribio manne: mipasuko yote ielekee upande mmoja. Nilikuwa nabandika kila kipande jinsi kilivyokaa vizuri, matokeo yake ukuta wa mawe yaliyozozana. Milima ina tabaka, na tabaka zikiinama zinainama pamoja. Nilichora mistari ya penseli kwenye mlima mzima, mteremko wa nyuzi 20 kuelekea kulia, na kila kipande kikafuata mstari. Ghafla ukawa mwamba mmoja.

Rangi ni maji yenye rangi kidogo sana: njano ya udongo, kahawia, halafu wino mweusi uliozimuliwa kwenye spiriti. Unadondosha madoa madoa kama chui, mwisho wino unaunganisha vyote. Ikikauka, brashi kavu yenye nyeupe kidogo inapita kwenye kingo. Kwa upande wa kinu nimeongeza nyekundu ya kutu, kwa sababu Red Mountain haikuitwa hivyo bure. Chuma kilichomo kwenye mwamba kikipata kutu kinaipaka milima ile rangi ya chungwa.

#23 Kifusi

Na mimi mwenye jina langu? Kifusi kinatengenezwaje?

#24 Toroli48

Ndugu yangu, hicho ndicho nilichokipenda kuliko vyote.

Kwanza kuna viwili na watu huvichanganya. Magwangala ni mawe yaliyomwagwa nje ya mdomo wa mgodi, ukubwa mchanganyiko, na yanashuka kama kipepeo cha mkononi kilichokunjuliwa. Marudio ni yaliyotoka kwenye kinu baada ya kusagwa, laini kama mchanga, na yanatulia bapa kwenye kibwawa bondeni. Ukiweka mchanga laini mdomoni mwa mgodi, umedanganya.

Magwangala mwanzoni nilikuwa nayachonga kwa povu na kubandika changarawe juu. Yakawa kama mto wa kulalia. Kisha nikaacha kuyachonga. Nikachukua mawe yaliyopondwa, ukubwa tatu zikiwa zimechanganywa, nikayamwaga kwa faneli ndogo kutoka palepale ambapo toroli lingemwagia. Kidogo kidogo, kwa saa nzima. Yenyewe yakatulia kwenye nyuzi 35 hivi, na yenyewe yakajipanga: makubwa yakabingirika hadi chini, madogo yakabaki juu. Ndivyo inavyokuwa kwenye chungu la kweli. Sikuwa na kazi zaidi ya kumwaga.

Gundi nyeupe iliyozimuliwa, na tone la sabuni ya vyombo ili isikimbie juu ya vumbi, naidondosha kwa sindano kutoka juu. Usipulizie kwa nguvu, utachimba mashimo. Rangi: mawe mapya ya kijivu juu karibu na reli ya toroli, ya zamani ya njano na chungwa pembeni, maana salfidi (madini yenye salfa) zikikaa kwenye hewa na mvua zinapata kutu.

#25 BiKarakana

Hiyo ya faneli naiiba leo.

#26 Mgeni_Njiani

Mimi nachangia machozi. Nilimimina resini ya mto bila kuziba kingo za bonde, usiku nikalala. Asubuhi mto ulikuwa umepenya chini ya meza na kugandisha waya zote za pointi kwenye sanduku moja la kioo. Zibeni kingo kwa plasta na rangi kwanza, jaribuni kwa maji, halafu mimineni tabaka za milimita 3 tu kila mara. Nimemaliza.

#27 MzeeWaMvuke

Daraja limefikia wapi? Na usiniambie umenunua la plastiki.

#28 Toroli48

Sijanunua mzee. Korongo lina sm 50, kwa hiyo nafasi tano za sm 10, na fremu nne za mbao kati yake. Sm 10 kwa 1:48 ni mita 4.8, yaani futi 16 hivi. Nguzo ni mm 6.35, sawa na gogo la inchi 12. Nimezijenga fremu zote juu ya mchoro mmoja uliobandikwa ubaoni, ila kila moja miguu yake nimeikata peke yake kufuata mwamba, kwa sababu mwamba haukuwa umenyooka na nilikataa kuuchonga uwe bapa.

Mbao nimezichovya kwenye siki iliyolala na nyuzi za sufi ya chuma siku tatu. Inatoa kijivu cha mbao iliyopigwa jua miaka mingi. Nguzo za chini, za karibu na maji, nimeziongezea wino mweusi.

#29 MzeeWaMvuke

Miguu uliyoikata kufuata mwamba. Hapo umenishinda ile hoja yetu, ila sitaki uandike mahali popote.

#30 Kifusi

Imeshaandikwa mzee.

#31 Toroli48

Miti imenipa shida ya hesabu tena. Mti wa mita 25 kwa 1:48 ni sm 52, ukiupanda mbele unafunika kila kitu. Nimeweka michache ya sm 25 chini kabisa karibu na mtazamaji, kisha inapungua kadiri inavyopanda, hadi sm 4 juu kule jabali linapopotelea kwenye kivuli. Jicho linasoma udogo kama umbali. Na karibu na kinu hakuna mti kabisa, visiki tu, maana mgodi ulikula magogo kwa nguzo, kuni na madaraja.

Taa ziko nyuma ya ubao wa juu, na ubao huo unashuka sm 12 kuliko mwisho wa jabali. Meza iko sm 125 kutoka sakafuni. Ukisimama unatazama bonde, ukiketi unatazama juu.

Jana mwanangu wa miaka sita aliketi kwenye stuli, akatazama Shay ikipanda na mabehewa matupu kwa mwendo wake wa konokono. Ikaingia mkia wa kwanza, nikageuza pointi, ikarudi nyuma kupita daraja. Akainama, akapinda shingo hadi kidevu kikagusa kingo ya meza, akaniuliza, "Baba, huko juu mlima unaishia wapi?"

Picha nazipakia usiku. Ila kuna jambo: behewa namba mbili linaruka kwenye pointi ya juu kila likisukumwa kinyumenyume. Likivutwa halina shida.

#32 BiKarakana

Ni lile lililovunjika bogi?

#33 Toroli48

Lilelile.

#34 MzeeWaMvuke

Ligeuze kwanza, mbele nyuma, ulisukume tena. Likiruka bado, shida iko kwenye pointi. Likiacha, pima upana kati ya magurudumu ya ile bogi uliyoigundisha. Na mjibu mtoto.